Kuisoma tokeni ya duka: mwongozo kamili wa sarafu walizojipigia wafanyabiashara chenji ilipokauka

Ndani ya makasha ya sarafu za kale hujificha vipande vidogo vya shaba ambavyo wengi huvipita, kwa kuwa havina kichwa cha mfalme wala nembo ya dola. Badala yake vina jina la muuza mishumaa, jina la mtaa, herufi tatu zilizopangwa kama mafiga, na pengine mwaka. Hizo ni tokeni za wafanyabiashara: pesa ndogo walizojipigia wenye maduka, wenye vilabu vya pombe na wenye migodi pale serikali iliposhindwa kuleta chenji sokoni.

Mimi huisoma tokeni kama hati ya deni. Mwenye duka amepokea fedha yako, hana chenji ya kukurudishia, basi anakupa kipande cha shaba chenye jina lake na kukuahidi kwamba ukikirudisha atakipokea. Kwa hiyo kila kipande kina maswali matatu ndani yake: nani ameahidi, atalipa wapi, na aliyepokea alikuwa na sababu gani ya kumwamini? Hatua zote zilizo hapa chini zimekusudiwa kuyajibu hayo. Nimeegemea zaidi Uingereza, kwa sababu huko jambo hili lilijirudia mara tatu na kila mara liliacha vipande kwa maelfu. Marekani na Australia nitazigusa pale zinapofundisha kitu cha ziada.

Kwanza, chanzo cha uhaba

Bila kulielewa hili, hutaweza kukisia tarehe wala kutambua kipande cha uongo. Kupiga robo peni moja kunahitaji kazi karibu sawa na kupiga sarafu kubwa ya fedha, ilhali thamani inayopatikana ni ndogo mno. Wafalme wa Uingereza waliona heshima yao iko kwenye dhahabu na fedha, na shaba wakaipuuza. Mwaka 1613 James I alimpa Lord Harington leseni ya kupiga robo peni za shaba. Vilikuwa vipande vyepesi, watu hawakuvipenda, na Bunge likavisimamisha mwaka 1644. Baada ya hapo pakabaki pengo tupu: mtu anataka mkate wa robo peni, na hakuna sarafu ya kulipia. Kuanzia 1648 wenye maduka wakaliziba pengo hilo wenyewe, hadi Charles II alipotoa sarafu rasmi za shaba mwaka 1672 na kupiga marufuku tokeni.

Mara ya pili ilikuja baada ya 1775, kiwanda cha kifalme kilipoacha kupiga shaba na soko likajaa nusu peni za kughushi. Wimbi hilo lilianza 1787 na likapoa baada ya 1797. Mara ya tatu ilikuwa wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na vipande vyake vingi vina mwaka 1811 au 1812.

Hatua ya 1: usiisugue

Nimeona tokeni nyingi zilizouawa kwa limau, siki na dawa ya meno kuliko zilizouawa na miaka mia tatu ya udongo. Herufi za tokeni za karne ya 17 zimeinuka kidogo sana juu ya uso wa chuma. Ile ngozi ya kahawia au ya kijani kibichi iliyokomaa ndiyo inayobeba umbo la herufi. Ukiing'oa, jina la mtu linaondoka nayo na halirudi tena.

Kinachoruhusiwa ni kidogo. Iloweke kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ibadilishie maji kila siku, kisha ikaushe kwa kuigandamiza taratibu kwenye kitambaa laini bila kufuta. Grisi au mabaki ya plastiki huondoka kwa asetoni safi, chumba kikiwa na hewa na moto ukiwa mbali. Ukiona madoa ya unga wa kijani hafifu yanayorudi kila ukiyagusa, huo ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi. Itenge na wenzake uiweke pakavu kabisa.

Kabla hata ya kuilowesha, ipige picha. Zima taa ya chumba, weka taa moja chini kabisa ubavuni mwa tokeni ili mwanga uipite kwa mshazari, kisha izungushe tokeni kidogo kidogo na upige picha kila robo ya mzunguko. Herufi isiyoonekana kwa mwanga wa juu mara nyingi hujitokeza kwa mwanga wa ubavuni, na hutokea kwamba picha moja kati ya nne ndiyo inayolitoa jina zima.

Hatua ya 2: pima, kisha jiulize uzito una maana gani

Tumia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya plastiki, maana ya chuma hukwaruza, na mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Andika kipenyo, uzito, na namna pande mbili zinavyoelekeana: shika tokeni kwa kingo, picha ya mbele ikiwa wima, kisha igeuze kama ukurasa wa kitabu uone kama nyuma nayo iko wima, imepinduka au imelala upande.

Robo peni ya karne ya 17 huwa na takriban milimita 15 hadi 17 na uzito wa gramu moja hivi. Nusu peni ya kipindi hicho huzunguka milimita 20. Nyingi ni duara, ingawa wapo waliochagua umbo la moyo, la pembe nne au la pembe nane. Nusu peni ya miaka ya 1790 ni kubwa zaidi, karibu milimita 29. Tokeni za Marekani za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe zina milimita 19, sawasawa na senti ya serikali, ili zipite mkononi bila maswali. Peni za Australia hukaribia milimita 34.

Namba hizi zina faida kubwa kuliko kukusaidia kupanga vipande kwenye kasha. Nusu peni halali ya George III ilipigwa 46 kwa ratili moja ya shaba, yaani karibu gramu 9.9 kila moja. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ilianza kutoa peni zilizokusudiwa kuwa na uzito wa wakia moja, yaani gramu 28. Anayeishika peni ya Parys alikuwa ameshika shaba nyingi kuliko aliyeshika nusu peni mbili za mfalme. Hata kampuni ingekufa, angebaki na chuma chenye thamani. Linganisha na robo peni ya gramu moja ya 1660: chuma chake hakikuwa na thamani ya kutajwa, na aliyeipokea hakuwa na kinga yoyote zaidi ya kumjua mwenye duka na kujua mlango wake. Uzito, basi, ni kipimo cha imani. Kipande chepesi kiliishi karibu na nyumbani, na kizito kingeweza kusafiri. Mwandishi John Evelyn, aliyeziona tokeni za karne ya 17 zikitumika London, aliandika mwaka 1697 kwamba ni nadra zilivuka mtaa mmoja au miwili.

Hatua ya 3: soma maneno na picha

Hapa ndipo penye utamu, hivyo usiharakishe.

Kwenye tokeni ya karne ya 17, tafuta alama ndogo ya nyota au ua juu kabisa ya duara. Anzia hapo, ufuate maandishi kuelekea kulia. Mara nyingi sentensi huanza mbele na kumalizikia nyuma: jina la mtu upande mmoja, mahali upande wa pili, zikiunganishwa na IN, OF au AT. Tahajia ya wakati ule haikuwa imetulia, kwa hiyo PENY na HALFE si dalili ya kughushi. Herufi I husimama pia mahali pa J, na V mahali pa U. Jina likionekana halisomeki, jaribu kulitamka kwa sauti kabla ya kulitafuta kwenye orodha, kwa maana aliyelichonga aliandika alichokisikia.

Katikati ya upande mmoja utaona herufi tatu: moja juu, mbili chini. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Herufi ya juu ni ya jina la ukoo, ya chini kushoto ni ya jina la mume, ya chini kulia ni ya jina la mke. Tuseme juu kuna B, chini kuna I na M: ukoo wao unaanza na B, yeye huenda ni John au James, na mkewe labda ni Mary au Margaret. Mke ametiwa kwenye chapa ya biashara kwa sababu duka lilikuwa la wote wawili, na mara nyingi yeye ndiye aliyekaa kaunta akihesabu vipande hivyohivyo. Zipo pia tokeni za wajane na wanawake walioendesha biashara kwa jina lao wenyewe, zenye herufi mbili tu. Kwa wengi wao, pamoja na vitabu vya kanisa, hicho kipande cha gramu moja ni miongoni mwa mahali pachache majina yao yalipoandikwa.

Picha nayo inasema. Wateja wengi hawakujua kusoma, na nyumba za London hazikuwa na namba. Duka lilijulikana kwa ubao wake wa picha. Kuna makundi mawili ya picha, na usiyachanganye. La kwanza ni nembo ya chama cha kazi: ngao yenye karafuu tisa ni ya wauza viungo na bidhaa za jumla, mataji matatu ni ya wauza nguo, mapipa matatu ni ya wauza mvinyo. La pili ni ubao wa nyumba tu, na ubao ungeweza kubaki hata mpangaji akibadilika. Simba kwenye tokeni hamaanishi mwenye nyumba aliuza chochote kinachohusiana na simba. Mapipa matatu pia yangeweza kuwa jina la kilabu. Nembo ya chama ikikubaliana na kazi iliyotajwa kwenye maandishi, una ushahidi mzuri. Ikisimama peke yake, andika "huenda" mbele yake. Donge refu la sukari lenye ncha na kishada cha mishumaa ni picha za bidhaa zenyewe, na hizo huaminika zaidi.

Hatua ya 4: itafute ahadi

Sasa jiulize kipande kinaahidi nini hasa. Kuna ngazi, na kila ngazi ina maneno yake.

Peni ya Parys inasema waziwazi: WE PROMISE TO PAY THE BEARER ONE PENNY, yaani tunaahidi kumlipa aliyeishika peni moja. Hakuna ahadi ya wazi kuliko hiyo. PAYABLE AT ikifuatiwa na jina la duka au mji inamaanisha hulipwa mahali fulani. HIS HALF PENY inasema tu kwamba hii ni nusu peni ya fulani, na ahadi imeachwa ieleweke. FOR NECESSARY CHANGE ni utetezi zaidi kuliko ahadi: mwenye duka anaieleza dola kwamba amefanya hivi kwa kukosa chenji.

Kisha kuna vipande visivyoahidi lolote. Marekani mwaka 1863 vilitolewa vipande vilivyoandikwa NOT ONE CENT, neno NOT likiwa dogo na ONE CENT kubwa, ili jicho la haraka lione senti. Vingine vilikuwa na kauli za kizalendo bila jina la mtu yeyote. Ukikuta kipande cha namna hii, elewa kwamba aliyekipokea hakuwa na mlango wa kwenda kubisha. Kilitembea kwa sababu tu kila mtu alitumaini mwenzake atakipokea.

Hata jina likiwapo, lilikuwa na nguvu kama alivyokuwa mwenye jina. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Gustavus Lindenmueller, mwenye baa wa New York, aliyetoa tokeni zaidi ya milioni moja zenye sura yake yenye ndevu. Zilienea hadi kwenye magari ya reli ya Third Avenue, ambayo yalizipokea kama nauli. Kampuni ya reli ilipompelekea rundo ili azilipe, alikataa, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Mwaka 1864 Bunge la Marekani likapitisha sheria mbili zilizofunga mlango wa sarafu binafsi. Lakini tokeni zilikuwa zimeshafundisha jambo. James Pollock, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, aliona kwamba umma ulikuwa ukipokea vipande vyembamba vya shaba bila kulalamika, na senti ya serikali iliyotoka mwaka huohuo ikatengenezwa kwa mfano huo: kutoka gramu 4.67 zenye nikeli hadi gramu 3.11 za shaba iliyochanganywa bati na zinki.

Ukipata tokeni ya Marekani ya 1862 yenye dirisha la maika (madini membamba yanayopitisha mwanga) na stempu ya posta ndani yake, umebahatika. Ni kifuko cha shaba ya njano kilichosajiliwa na John Gault tarehe 12 Agosti 1862. Watu walikuwa wameanza kulipana kwa stempu, nazo zikawa zinanata na kuchanika mifukoni. Gault akazifunga ndani ya chuma na kuuza mgongo wake kwa matangazo ya makampuni.

Hatua ya 5: weka tarehe, kwa tahadhari

Mwaka uliochapwa ni mwanzo wa uchunguzi tu. Mwenye duka angeweza kuendelea kupiga vipande kwa mihuri ya zamani (vyuma vilivyochongwa picha na kugongwa juu ya shaba) bila kubadili mwaka, na kwenye baadhi ya tokeni za karne ya 19 mwaka unaoonekana ni ule biashara ilipoanzishwa.

Tokeni isipokuwa na mwaka, tumia madirisha, yaani vipindi ambamo aina hiyo ilipigwa. Kwa karne ya 17, robo peni inaweza kuwa ya wakati wowote kati ya 1648 na 1672. Nusu peni zilienea katikati ya miaka ya 1650 na baadaye. Peni ni hasa za Ireland, ambako tokeni ziliendelea hadi 1679. Jina la mtaa wa London ulioteketea kwenye moto mkuu wa 1666 linakupa dokezo jingine, ingawa wengi walijenga upya palepale.

Kwa wimbi la tatu, kumbuka sheria ya 1817 iliyozuia tokeni za shaba. Tokeni za walezi wa maskini (maofisa waliosimamia misaada kwa wasiojiweza) wa Birmingham na Sheffield ziliachiwa muda zaidi, kwa kuwa maskini walikuwa wamezishika nyingi na wangeumia zikifutwa ghafla. Ukikutana na tokeni ya Birmingham iliyochakaa sana, kumbuka hilo: ilikuwa na miaka zaidi ya kutembea.

Australia dirisha lake ni la 1849, walipoanza Annand, Smith na wenzao, wauza vyakula wa Melbourne, hadi zilipopigwa marufuku Victoria mwaka 1863 na New South Wales mwaka 1868. New Zealand waliendelea hadi miaka ya 1880.

Hatua ya 6: soma ukingo

Wengi wanapiga picha mbele na nyuma na kusahau ukingo. Kwa tokeni za 1787 hadi 1797 hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ahadi yenyewe mara nyingi imeandikwa hapo.

Chukua mfano wa nusu peni ya Coventry ya 1792. Mbele kuna Lady Godiva, bibi wa hadithi za mji huo, juu ya farasi na maneno ya Kilatini PRO BONO PUBLICO, kwa manufaa ya umma. Nyuma kuna tembo aliyebeba ngome, nembo ya mji. Hadi hapo hujui mdaiwa ni nani. Ungeweza kudhani ni mji wenyewe. Geuza ukingo: PAYABLE AT THE WAREHOUSE OF ROBERT REYNOLDS & CO. Mdaiwa amejificha kwenye unene wa chuma. Nayo tokeni ya 1787 ya John Wilkinson, tajiri wa chuma, ina sura yake mbele kama mfalme, na ukingoni kuna majina ya viwanda vyake: WILLEY SNEDSHILL BERSHAM BRADLEY. Aliyeipata alijua aende wapi.

Kusoma ukingo, simamisha tokeni kwenye udongo laini wa kuchezea usio na mafuta, iviringishe polepole mbele ya kamera, upige picha sita au saba, kisha uzipange. Ukingo ukiwa mtupu, wenye mistari tu, au ukitaja mji usiokubaliana na uso wa tokeni, nenda moja kwa moja hatua ya 8.

Hatua ya 7: nani aliipiga?

Aliyeitoa na aliyeitengeneza si mtu mmoja. Duka liliagiza, na fundi alipiga. Tafuta herufi ndogo sana karibu na ukingo au chini ya shingo ya sura. Tokeni za Australia hubeba jina la Thomas Stokes wa Melbourne au W. J. Taylor wa London. Kwa miaka ya 1790, mafundi wa Birmingham ndio waliotawala: John Gregory Hancock alichonga mihuri ya mwanzo ya Parys na Wilkinson, Peter Kempson na W. Lutwyche walipiga kwa wingi, na Matthew Boulton alileta mashine za mvuke katika karakana yake ya Soho. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba akina Monneron wa Ufaransa waliagiza tokeni zao za 1791 na 1792 kwake, na serikali ya Uingereza nayo ikampa kandarasi ya peni rasmi ya 1797.

Hatua ya 8: ilitoka dukani au kabatini?

Kufikia 1795 watu wa Uingereza walikuwa wamezipenda tokeni hizi hadi wakaanza kuzikusanya, na mafundi wakaanza kuwapigia wakusanyaji. Wakachukua muhuri wa mbele wa tokeni moja na wa nyuma wa nyingine, wakazaa kipande ambacho hakikuwahi kuwa na mwenyewe. Thomas Spence, muuza vitabu mwenye siasa kali, alipiga vipande vya kuhubiri maoni yake. Lutwyche alitoa vipande vyenye majina ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Marekani nako, mwaka 1863 na 1864, wakusanyaji waliagiza mchanganyiko wa aina hiyo.

Vipande hivi si vya kughushi, ni vya kipindi hichohicho. Lakini havikumaliza uhaba wa chenji, na ukivitumia kueleza biashara ya mji fulani utapotosha. Ishara zake ni hizi: havijachakaa hata kidogo, ukingo unakanusha uso, pande mbili hazihusiani, au vimepigwa kwa fedha au bati wakati wenzake ni wa shaba. Kipande kilichofanya kazi huwa na uchakavu wa kweli. Sehemu zilizoinuka, kama shavu, paja la farasi na katikati ya ngao, hulainika kwanza, na ukingo hubonyea hapa na pale.

Kipande cha kughushi cha siku hizi kwa kawaida kimemiminwa kwenye kalibu: kina vijitundu vya hewa chini ya lenzi, herufi zimevimba kama zimelowa, ukingo una mshono, na uzito haulingani na kipenyo. Ukiona mawili kati ya hayo, usiinunue.

Hatua ya 9: mtafute mtu

Ukishalijua jina na mahali, anza na orodha za wakusanyaji. Tokeni za karne ya 17 huitwa kwa namba za Williamson, zilizopangwa kwa kaunti. Za 1787 hadi 1797 kwa namba za Dalton na Hamer, nazo pia kwa kaunti. Za vita vya Marekani kwa namba za Fuld. Wengine huziita za miaka ya 1790 tokeni za Conder, kwa jina la James Conder aliyechapisha orodha yake mwaka 1798.

Baada ya namba, nenda kwenye kumbukumbu. Uingereza ilitoza kodi ya meko kati ya 1662 na 1689, na daftari zake zinaonyesha kila nyumba ilikuwa na sehemu ngapi za moto. Mwenye tokeni aliyekuwa na meko matano alikuwa na uwezo. Mwenye moja alikuwa akikopesha jina lake tu. Wosia na orodha za mali za marehemu hutaja kazi, mke na watoto, na hapo ile herufi ya chini kulia hupata jina kamili. Vitabu vya ndoa na mazishi vya kanisa huthibitisha. Kwa karne ya 18 na 19, tafuta vitabu vya anwani za wafanyabiashara, na gazeti la London Gazette kwa matangazo ya waliofilisika. Ukimkuta mtu wako kwenye orodha ya waliofilisika miezi michache baada ya mwaka ulio kwenye tokeni, sasa unajua waliozishika walipata nini.

Ikiwa tokeni iliokotwa ardhini, muulize aliyeiokota ni wapi hasa, na uandike jibu lake siku hiyohiyo. Umbali kati ya duka na mahali ilipookotwa ndio ushahidi wa wazi kuliko wote wa jinsi ahadi ile ilivyoaminika. England na Wales kuna mpango wa kitaifa wa kusajili vitu vinavyookotwa, na kuchokoa kingo za mto Thames kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya London.

Hatua ya 10: andika, kisha hifadhi

Kadi moja kwa kila kipande: maandishi ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake, na nukta mahali herufi ilipopotea. Usijaze pengo kwa kukisia; andika ukisiavyo kwenye mstari mwingine. Ongeza chuma, kipenyo, uzito, mwelekeo wa pande, namba ya orodha, ulikoipata, na yale majibu matatu: mdaiwa, mahali pa kulipia, sababu ya kuaminiwa. Jibu moja likikosekana, liache wazi.

Kwa kuhifadhi, tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi au vibweta vigumu visivyo na PVC (aina ya plastiki), kwani PVC hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba. Weka kifuko cha silika, chembe zinazofyonza unyevu, kwenye kasha, ukibadilishe kinapolowa. Shika kwa kingo. Na kila unapoipima upya, andika uzito pamoja na tarehe ya kuipima chini ya ule wa zamani, ili atakayeipokea baada yako aone kama imeanza kuliwa.